Mkilala Addis Ababa, valizi zenu zinalala wapi?

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili ili nisikujibu kwa pupa. Unampeleka mama mzazi Hyderabad kwa matibabu. Mnatoka hapa Lubumbashi, mnafika Addis Ababa jioni, ndege ya Mumbai inaondoka kesho yake asubuhi, kisha kuna ndege ya ndani ya India hadi Hyderabad. Mna valizi mbili kubwa. Jirani amekuambia kwamba Addis ni lazima mzitoe na kuzikalia usiku kucha, mtu wa ajansi ya tiketi naye amekuambia usijali, na wewe unaogopa dawa za mama zisipotee njiani. Mimi ninafuata vipuri vya magari Guangzhou, Uchina, kwa miaka kadhaa sasa, na shemeji yangu nimemsindikiza India mara mbili, kwa hiyo ninachokuandikia ni kile nilichokipitia mwenyewe.

Jirani hakukudanganya, na mtu wa ajansi pia hakukudanganya. Kila mmoja anazungumzia tiketi ya aina yake. Kabla ya kuuliza habari za Addis, itazame tiketi yenyewe. Ikiwa safari zote tatu zimo katika tiketi moja, yenye namba moja ya kuhifadhi nafasi, basi valizi zinapokelewa Luano, uwanja wetu wa ndege, na kuandikiwa mwisho wa safari, na pale Addis wafanyakazi huzishusha na kuzihifadhi nyuma ya uwanja mpaka zipakiwe asubuhi, bila ninyi kuziona wala kuzigusa. Mkae saa mbili au mlale usiku mzima, kwa valizi ni mamoja. Lakini kama ajansi imekuunganishia tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ili bei ishuke, kampuni ya kwanza inawajibika kwa mzigo hadi pale tiketi yake inapokomea, basi. Zipo kampuni zenye makubaliano kati yao ambazo hukubali kuandikia mzigo hadi mwisho ukiwaonyesha tiketi ya pili, ila hiyo ni hisani yao kuliko haki yako, na inaombwa pale kaunta ya Luano, si baada ya kutua.

Hilo la tiketi mbili lilinifundisha Nairobi, mwaka 2019. Nilikuwa nimenunua tiketi moja ya Lubumbashi hadi Nairobi, na nyingine ya Nairobi hadi Guangzhou, nikajisifu kwa kuokoa karibu dola mia mbili. Luano kijana wa kaunta aliipokea tiketi niliyompa, ambayo iliishia Nairobi, akabandika karatasi yake kwenye mpini wa valizi, akanipa kipande changu chenye namba ya mzigo, nami nikakibandika nyuma ya pasipoti bila kukisoma. Nilipofika Nairobi usiku, nikaenda moja kwa moja kwenye kaunta ya abiria wanaounganisha, na dada aliyekuwa pale akaniambia kwa upole kwamba valizi yangu haiko kwake: imetoka, iko kwenye mkanda wa mizigo, ng'ambo ya uhamiaji. Mimi sikuwa na viza ya Kenya. Fikiria, mzigo wako uko umbali wa kutembea dakika tano, unazunguka peke yake kwenye mkanda, na wewe huwezi kuufikia. Akaniomba namba ya kipande. Nikakibandua kwenye pasipoti, nikakuta ile karatasi laini imelowa jasho la mfuko wa shati na tarakimu mbili za mwisho zimefutika kabisa. Ikabidi aitafute kwa jina, kwa rangi na kwa utepe mwekundu ambao mke wangu alikuwa ameufunga kwenye mpini. Valizi ililetwa na kuandikiwa upya karibu saa kumi alfajiri, na kosa lote lilikuwa langu.

Leo ningetoka mwenyewe kwenda kuichukua, kwa kuwa tangu 1 Septemba 2023 Kenya imewaondolea Wakongomani viza. Lakini usiichukulie hiyo kuwa desturi ya kila mahali. Afrika Kusini, kwa mfano, bado inatudai viza, na anayelala Johannesburg akiwa na tiketi mbili bila viza atapata usiku kama wangu au mbaya zaidi. Ndiyo maana nasema kwamba mambo ya valizi huamuliwa mahali safari inapoanzia. Ukishatua usiku katika nchi ambayo huna ruhusa ya kuingia, unabaki kuomba wema wa watu.

Kwa hiyo, siku ya safari, msiondoke kwenye kaunta ya Luano kabla ya kukisoma kibandiko kinachofungwa kwenye kila valizi. Kina herufi tatu zilizoandikwa kubwa kuliko nyingine zote, na hizo ndizo mwisho wa safari ya mzigo. Lubumbashi ni FBM, Addis ni ADD, Mumbai ni BOM, Hyderabad ni HYD. Kwa tiketi moja, herufi kubwa zinatakiwa kuwa HYD, na ADD na BOM zionekane kwa maandishi madogo kama vituo vya njiani. Ukiona ADD ndiyo iliyoandikwa kubwa, simamisha kazi hapohapo, uliza kwa adabu, usikubali kuambiwa kwamba itarekebishwa mbele. Chini ya mistari myeusi kuna namba ya tarakimu 10. Ipige picha kwa simu pamoja na valizi yenyewe, ili ikibidi uonyeshe rangi na umbo lake usianze kueleza kwa mikono. Vilevile ng'oa vibandiko vya safari za zamani. Shemeji yangu alipenda kuviacha kama mapambo, lakini mashine ya kupanga mizigo inasoma mistari, haijui ipi ni ya leo na ipi ni ya mwaka juzi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko usiku wa Addis. Hata kibandiko kikisema HYD, Mumbai kwa kawaida mtazichukua valizi zenu. India hutaka mzigo wa abiria anayetoka nje ya nchi upite forodha kwenye uwanja wa kwanza anaoingilia, hata kama bado ana ndege ya ndani mbele yake. Maana yake ni kwamba mtapita uhamiaji, mtasimama kwenye mkanda, mtapita forodha na valizi zenu kwenye kigari, kisha mtazikabidhi tena kwa safari ya Hyderabad. Nilimwona baba mmoja, Mkongomani mwenzetu, aliyeambiwa kwao kwamba "mzigo unafika wenyewe", akapita mkanda bila kutazama. Alifika mwisho wa safari yake na nguo alizozivaa, na valizi yake ikabaki Mumbai siku mbili. Tazama pia ndege ya Hyderabad inaondokea jengo gani, maana majengo mawili ya abiria ya Mumbai, la 1 na la 2, hayako pamoja. Kutoka moja kwenda jingine ni kwa gari. Na ikiwa kipande hicho cha India kimenunuliwa kama tiketi ya pekee, uliza uzito, kwa kuwa ndege nyingi za ndani za India huruhusu kilo 15 tu za mzigo mkubwa, na wewe umetoka Luano na valizi za kilo 23 kila moja. Ziada hulipwa pale kaunta, ukiwa na mgonjwa pembeni na foleni nyuma yako. Kwa ajili ya mama, omba kiti cha magurudumu kupitia ajansi angalau saa 48 kabla. Anayekisukuma huwajua watu na njia, naye atakuonyesha mkanda wenu ni upi.

Turudi Addis. Swali lako la kama mnaweza kuzitoa valizi kwa usiku ule mmoja lina jibu la ndiyo, kwa masharti: muwe na ruhusa ya kuingia Ethiopia, muombe Luano ziandikiwe ADD peke yake, na alfajiri mpange foleni upya kuzikabidhi. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo ni usumbufu; kwa mama mgonjwa silishauri hata kidogo. Uliza ajansi kama tiketi yenu inabeba hoteli ya usiku, kwa sababu si kila bei inaibeba. Hata mkipewa hoteli, valizi zilizoandikiwa mbele zitabaki uwanjani, na mtalala na kile mlichokishika mkononi.

Hapo ndipo mzigo wa mkononi unapokuwa valizi halisi ya safari hii. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake huwa na baridi. Sweta la mama na kitenge kizito visiingie kwenye valizi kubwa. Dawa zote, nasema zote, ziwe mkononi, za siku tatu zaidi ya safari yenyewe, ndani ya vifungashio vyake vyenye jina, pamoja na barua ya daktari. Barua zetu huandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo itafute tafsiri ya Kiingereza kabla ya kuondoka, maana itasomwa na watu wa ukaguzi Addis na madaktari wa Hyderabad. Kama mama anatumia insulini, usiithubutu kuiweka kwenye tumbo la ndege, kwani huweza kuganda na ikishaganda haifai tena. Dawa za maji zinazohitajika njiani hazihesabiwi katika ule ukomo wa mililita 100, ila uzitoe na kuzionyesha mwenyewe badala ya kungoja kuulizwa. Picha za eksirei na majibu ya maabara nayo yakae mkononi: valizi ikichelewa siku mbili nguo zitanunuliwa sokoni, lakini daktari hatakuwa na cha kusoma.

Sisi wa Lubumbashi, kwa sababu ya umeme wetu unaokatika, kila mtu ana pawabenki, na wengi huisahau ndani ya valizi. Betri hizo haziruhusiwi kwenye mzigo mkubwa. Huwekwa mkononi, na ukomo wa kawaida ni saa-wati (Wh) 100. Ile ya mAh 20,000 ina saa-wati 74 hivi, kwa hiyo inapita. Ikionekana kwenye mashine ndani ya valizi, valizi hiyo huwekwa kando, na ukilala hotelini bila kujua unaitwa, asubuhi ndege inaondoka bila mzigo wako.

Kuhusu wizi, sitasema haupo. Safari moja, na kampuni nisiyoitaja, nilikuta kufuli yangu ndogo imefungwa vizuri kama nilivyoiacha, lakini simu mbili nilizokuwa nimenunua hazimo. Baadaye rafiki alinionyesha mezani kwake: unachomeka ncha ya kalamu ya wino katikati ya meno ya zipu, yanaachana kama ganda la karanga, unatoa unachotaka, kisha unavuta vile vichwa viwili vya zipu pamoja na kufuli yake, na meno yanafungana tena. Tangu siku hiyo fedha, simu na vito havilali mbali nami, na valizi naizungushia plastiki Luano. Plastiki haimzuii mwizi, ila humchelewesha, na ikichanika unajua kwamba imefunguliwa kabla hujatoka nje.

Na valizi isipoonekana, au ionekane imepasuka, usitoke eneo la mikanda ya mizigo kabla ya kuandikisha. Kila uwanja una dawati la mizigo iliyopotea. Toa kipande chenye tarakimu 10, eleza, nao watakupa ripoti yenye namba ya herufi 5 na tarakimu 5, na kwa namba hiyo mzigo hutafutwa dunia nzima. Waachie anwani ya mahali mtakapolala Hyderabad na namba ya simu itakayopatikana India, si ya hapa nyumbani. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unampa abiria siku 7 za kulalamika kwa maandishi juu ya mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu apokee mzigo uliochelewa. Tunza risiti za mtakachonunua wakati wa kungoja, hata ya mswaki.

Gawanyeni pia vitu vya mama na vyako katika valizi zote mbili, nusu kwa nusu. Ni nadra sana zote mbili kupotea siku moja. Halafu ukishaipata tiketi mkononi, niandikie saa mnayotua Mumbai na saa ndege ya Hyderabad inayoondoka. Kati yake pakiwa chini ya saa tatu, rudi ajansini wakubadilishie kabla hujamaliza kulipa.