Maswali ya Wasomaji: Kukaza Sana Siyo Kusuka Vizuri

Safari hii tumechagua barua sita, zote zikiuliza jinsi ya kumtengeneza mtoto wa kike nywele nyumbani bila kumpeleka saluni. Wanaouliza wana watoto wenye nywele za kipilipili, kwa hiyo majibu yetu yanahusu nywele hizo.

Binti yangu ana miaka 4. Nikishika chanuo tu anaanza kulia, na nikimaliza nakuta vipande vingi vya nywele kwenye chanuo. Namchana asubuhi zikiwa kavu, kwa sababu nikizilowesha zinarudi kujikunja. Nifanyeje? *– Mama wa binti mmoja*

Mama, ana haki ya kulia. Unywele wa kipilipili hujipinda mara nyingi kuanzia kwenye ngozi hadi kwenye ncha, na kila penye pindo ndipo ulipo mwembamba na dhaifu. Ukiwa mkavu hauteleziki. Chanuo likishuka kutoka kwenye shina, linasukuma mafundo yote madogo chini mpaka yanakutana na kuwa fundo moja kubwa. Hapo ama unywele unakatika au ngozi inavutwa, na mara nyingi vyote viwili.

Acha kumchana asubuhi. Tafuta siku moja kwa wiki, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi. Zigawe nywele mafungu manne: mstari mmoja kutoka katikati ya paji la uso hadi kisogoni, mwingine kutoka sikio hadi sikio. Kila fungu lisokote kidogo na ulibane na klipu. Osha mafungu yakiwa yamebanwa hivyo hivyo, kwa maji ya uvuguvugu. Shampuu ipake kwenye ngozi tu, kwa ncha za vidole na si kucha. Povu linaloteremka linatosha kusafisha urefu wa nywele. Ukizirundika zote utosini na kuzisugua kwa pamoja kama unafua, umeshatengeneza mafundo ya wiki nzima.

Baada ya kusuuza, fungua fungu moja na upake kondishena, kijiko kimoja cha chakula kwa nywele zinazofika shingoni zikivutwa. Iache dakika 5. Anza na vidole: tafuta fundo, litenganishe kwa kulivuta upande huu na upande huu. Vidole vinahisi fundo kabla ya kulivuta, chanuo halihisi. Kisha chukua chanuo la meno mapana. Kwa mkono wa kushoto shika fungu kwa nguvu katikati, juu ya sehemu unayochana, ili mvuto uishie mkononi mwako usifike kichwani. Chana sentimita 2 au 3 za mwisho kwanza. Zikipita bila kukwama, panda juu kidogo, na hivyo hivyo mpaka kwenye shina. Ukimaliza fungu, lisokote tena kabla ya kufungua jingine, la sivyo litajifunga upya ukiwa bado unahangaika na la pili.

Suuza, kisha kausha kwa kukamua na fulana kuukuu ya pamba. Taulo lina vinyuzi vinavyonasa nywele.

Asubuhi ya shule usichane. Lowesha viganja kidogo, pitisha juu ya nywele, zibane. Kuhusu kujikunja: ndiyo, zitajikunja. Urefu haujapotea. Kama unataka zikae zimenyooka, soma jibu la barua ya nne.

Mimi ni baba, namlea mwanangu wa miaka 6 peke yangu. Nimeweza mabutu, lakini yeye anataka msuko wa twende kilioni kama wenzake. Nimejaribu, mistari inapinda na inalegea siku ya pili. Nakosea wapi? *– Baba Mlezi*

Baba, kama mabutu umeyaweza, kazi iliyobaki ni kuokota nywele njiani na kujua mikono ikae wapi.

Fanya mazoezi kwanza ya mabutu ya kupitisha chini, si juu. Katika twende kilioni, kamba ya pembeni hupita *chini* ya ile ya katikati. Ndiyo maana mstari unainuka juu ya kichwa na kuonekana. Ukipitisha juu, mstari unazama kwenye nywele, na watu wengi hudhani hawajakaza vya kutosha. Funga nyuzi tatu nene kwenye mgongo wa kiti, upitishe kulia chini, kushoto chini, mpaka mikono ifanye bila kuangalia.

Ukihamia kichwani, chukua kitana chenye mkia. Weka ncha ya mkia mbele, uiburute hadi kisogoni kwa mwendo mmoja bila kuinua. Mstari unaopinda mara nyingi ulipindia hapa, wakati wa kugawa, kabla hujasuka hata kidogo. Kwa mtoto, mistari 6 hadi 8 inatosha. Kila mmoja uwe na upana wa kidole chako kimoja hadi viwili. Nywele za jirani zibane kwa klipu zisiingie.

Acha malaika, vile vinywele laini vya mbele kabisa, nje ya mstari. Anza kama sentimita moja nyuma yao. Chukua kishungi kidogo, kigawe kamba tatu zinazolingana, pitisha mara mbili bila kuongeza kitu. Kuanzia mara ya tatu, kila kamba inapoelekea katikati, iokotee nywele chache kutoka chini yake, ndani ya mstari ule ule. Ziwe kiasi kile kile kila mara. Ukiokota nyingi hapa na chache pale, mstari unakuwa na matuta na mabonde.

Sasa ulegevu. Siyo nguvu iliyokosekana. Tazama mikono yako ilipo: kama vidole vimeinuka hata sentimita 2 kutoka kwenye ngozi, mstari utasimama kama daraja na kulegea kesho yake. Vidole vigusane na kichwa, na mtoto ainamishe kichwa kadiri unavyosogea nyuma. Ukifika mwisho wa kisogo endelea na butu la kawaida mpaka ncha, kisha funga kwa mpira uliofunikwa kitambaa. Rababendi tupu hukata nywele wakati wa kuitoa.

Jambo moja la mwisho: usisuke nywele zinazochuruzika maji. Unywele uliolowa hurefuka, ukikauka hujikunja tena. Uliokuwa mstari wa raha saa ya kusuka unageuka kuwa kamba iliyokazwa usiku, na mtoto hawezi kulala. Subiri zikauke mpaka zibaki na unyevunyevu tu.

Mtoto wa miaka 6 hukaa vizuri nusu saa hivi, kwa hiyo osha na kuchambua leo, suka kesho.

Mjukuu wangu alisukwa rasta (nywele za bandia) kwa ajili ya sherehe. Baada ya siku tatu panja zimetoka vipele vyenye vichwa vyeupe, na naona mahali nywele zimepungua. Mama yake anasema zitazoea. Ni kweli? *– Bibi*

Hapana, Bibi, na usingoje zizoee. Fumueni leo, hata kama sherehe bado.

Vipele vile ni vishimo vya nywele vilivyovutwa mpaka vikavimba. Nywele za panja na za mbele ni nyembamba kuliko za utosini, halafu zinabebeshwa rasta zenye uzito mara kadhaa ya uzito wao. Mtoto akishindwa kufumba macho vizuri au kukunja paji la uso, au akihitaji dawa ya maumivu ili alale, kusuka huko kumepita kiasi. Watu wengi husema maumivu ni kawaida siku ya kwanza. Siyo. Mstari uliosukwa sawasawa hauumi hata saa ya kusukwa.

Wakati wa kufumua, kata rasta chini ya pale nywele zake zinapoishia, pima mara mbili kabla ya kukata. Ukifungua utaona kwenye shina la kila msuko kuna duara la uchafu na nywele zilizonyonyoka zenyewe. Hilo litoe kwa vidole, kavu au kwa tone la mafuta, *kabla* ya maji. Likilowa linashikana na haliachii tena, ndipo watu wanapokata kwa mkasi. Wala usishtuke ukiona fungu la nywele mkononi: kila kichwa hudondosha nywele kila siku, na zile za wiki zote za msuko zilikuwa zimenaswa humo. Zenye kinundu cheupe mwishoni zimetoka zenyewe au zimeng'olewa. Vipande vifupi visivyo na kinundu vimekatika.

Panja zisisukwe wala kuvutwa nyuma kwa miezi 2 au 3. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, basi msiwe na haraka. Zikipumzishwa mapema hurudi. Mvuto ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, kishimo kinafunga na ngozi inabaki laini ya kung'aa. Hapo hazioti tena. Vipele vikitoa usaha au tezi za shingo zikivimba, mpelekeni hospitali.

Nywele za mwanangu wa miaka 7 ni ngumu sana. Nimeona boksi la dawa ya kulainisha nywele za watoto, limeandikwa ni laini. Je, nimpake? *– Mama Mwenye Haraka*

Usimpake. Picha ya mtoto kwenye boksi haibadilishi kilichomo. Dawa za kulainisha nywele, hata zile za watoto, hufanya kazi kwa kemikali kali za alikali, pH yake (kipimo cha asidi na alikali) ikiwa 12 au zaidi. Hizo huvunja viungo vinavyoupa unywele umbo lake, na kwenye ngozi zinaunguza. Mtoto hukuna kichwa, hutikisika, na tone likiingia jichoni ni dharura. Halafu nywele mpya zinaota za kipilipili kama kawaida, na pale mpya inapokutana na iliyolainishwa ndipo zinapokatika. Utalazimika kurudia kila baada ya miezi michache, kichwa kile kile.

Unachotafuta ni nywele zinazochanika, na uzi unakupa hilo bila kemikali. Jioni, nywele zikiwa na unyevunyevu na zimeshachambuliwa, zigawe mafungu 8 hadi 10. Chukua uzi wa kusukia nywele, zungusha mara mbili au tatu kwenye shina bila kukaza, kisha teremka ukizungusha kwa nafasi mpaka ncha na ufunge. Nguvu iwekwe katikati ya fungu, kamwe isiwe kwenye shina. Alale na kilemba cha satini. Asubuhi, zikiwa zimekauka kabisa, fungua kuanzia ncha. Zitakuwa zimenyooka vya kutosha kubana au kusuka mtindo wowote. Zikifunguliwa zikiwa bado zina unyevu, zitajikunja ukiziangalia.

Nampaka mafuta mazito kila siku asubuhi na jioni, lakini nywele bado kavu kama nyasi na kichwa kimejaa ukoko mweupe. Nibadilishe mafuta? *– Msomaji*

Badilisha mpangilio kwanza. Mafuta hayaongezi maji kwenye unywele, kazi yake kubwa ni kuyazuia yaliyomo yasitoke. Ukipaka juu ya nywele kavu umefungia ukavu. Changanya kijiko kimoja cha kondishena kwenye nusu lita ya maji ndani ya chupa ya kupulizia, puliza mpaka nywele ziwe na umande, kisha pitisha nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi kwenye urefu na hasa kwenye ncha. Mara 2 au 3 kwa wiki. Mchanganyiko ukikaa siku tatu, mwaga utengeneze mwingine.

Ukoko huenda ni mafuta yaliyoganda na vumbi, au mba, ambayo nayo hustawi penye mafuta mengi. Acha kupaka ngozi kwa wiki mbili huku ukiosha kila wiki. Lakini mwangalie vizuri: kama ni mabaka ya duara yenye magamba, nywele zimekatika usawa wa ngozi zikaacha vidoti vyeusi, hayo ni mapunye. Krimu peke yake haiyaponyi kwa sababu fangasi wamo ndani ya kishimo cha nywele. Anahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari, kwa wiki kadhaa. Msiyafunike kwa msuko, na chanuo lake lisiguse kichwa cha mtoto mwingine.

Shanga ngapi zinafaa? *– Dada Mkubwa*

Tatu hadi tano kwa kila msuko, za plastiki nyepesi, na kwenye misuko minene tu. Msuko mwembamba wenye shanga nyingi unavutwa kila akiruka kamba. Pitisha shanga, kunja ncha irudi juu ya shanga ya mwisho, funga hapo kwa mpira mdogo, na siku ya kutoa ukate mpira badala ya kuuvuta. Usiku zikusanye zote ndani ya kilemba asizilalie. Mtoto wa chini ya miaka 3 usimwekee kabisa: zikichomoka huishia mdomoni, puani au sikioni.