Kigari kitupu na chenye mzigo vinasimama palepale

Swali: Wanafunzi wangu wa sekondari wanachunguza kama tungamo likiongezeka nishati mwendo nayo huongezeka. Wanaachia kigari kwenye ubao ulioinama, kisha wanapima kimefika wapi sakafuni. Kitupu au kimebeba, umbali ni karibu uleule. Wamekosea wapi?

Jibu: Kupima hawajakosea, mwalimu. Kasoro iko kwenye breki. Kigari kinasimamishwa na msuguano wake chenyewe, na huo hupanda kadiri uzito unavyopanda. Tungamo likiwa maradufu, nishati ni maradufu na kani ya kukizuia pia, kwa hiyo umbali haubadiliki. Kinachotakiwa ni kizuizi kimoja kwa mizigo yote.

Tafuta boksi la karatasi ngumu lililo wazi upande mmoja na chini, kigari kiingie na kulisukuma magurudumu yakiwa bado sakafuni. Liwe na gramu 100. Kigari kiwe na gramu 500, kisha 750, kisha 1000, kwa kuongeza vifuko vya mchanga vilivyobanwa kwa selotepu. Maji ya chupa hayafai; yanachezacheza na kula nishati.

Ubao, magurudumu na mstari wa kuachia visiguswe. Ubao unapokutana na sakafu, bandika karatasi ya manila kigari kisiruke. Kizuie kwa rula na uinyanyue ghafla. Mkono husukuma hata usipokusudia.

Kikishuka sentimita 5 kwa wima, kasi inakaribia mita 1 kwa sekunde, tungamo liwe lolote. Hilo lihakikiwe. Chora sakafuni, kabla ya boksi, mistari miwili iliyoachana sentimita 30, urekodi kwa simu: video ya picha 30 kwa sekunde itatoa picha kama 9 kati ya mistari. Kigari kizito kikichelewa, ekseli zinabanwa na mzigo. Zitie mafuta au punguza mchanga, la sivyo mmebadilisha vitu viwili kwa pamoja.

Rudieni mara 5 kwa kila tungamo. Gramu 500 hubeba kama jouli 0.25, gramu 1000 kama 0.5, lakini umbali wa boksi unaweza kuzidi maradufu kidogo. Kigari kinapoligonga na kwenda nalo, chepesi hupoteza sehemu 1 ya 6 ya nishati yake, kizito sehemu 1 ya 11. Ndiyo maana sipendi boksi zito: likiwa na gramu 500, kigari chepesi hupoteza nusu nzima papo hapo.