Maswali na Majibu: Flash ya Mtaliano na Kaseti za Harusi

Mgeni wetu Mtaliano kaniachia flash ina shoo za Phish, wanapiga nyimbo za bendi zingine. Hii ni albamu gani? (Kijana wa hoteli, Casuarina, Malindi)

Si albamu ndugu yangu, hizo ni butlegi, mshabiki karekodi ukumbini halafu zikapita mkono kwa mkono. Phish ni bendi ya Wamarekani, wana mchezo wao wa Halloween, sikukuu ya watu kuvaa nguo za kuigiza, usiku huo wanavaa albamu ya watu kama kanzu ya kuazima. Tarehe 31 Oktoba 1994 walipiga White Album ya Beatles, 1995 Quadrophenia ya The Who, 1996 Remain in Light ya Talking Heads. Hiyo ya 94 ilikuja kutoka rasmi 2002, miaka yote hiyo watu wanakopiana kaseti tu.

Sasa si wizi huo? (Maweni)

Inategemea bendi yenyewe. Grateful Dead, bendi nyingine ya Marekani, mwaka 1984 waliwatengea kabisa warekodi sehemu yao ukumbini, sharti mbadilishane lakini msiuze, na Phish wakapita njia hiyohiyo. Bendi ikikataa basi ni wizi, hapo hatubishani. Na kava, yaani wimbo wa mtu unaopigwa na mwingine, ina wenyewe wawili, anayepiga na aliyetunga, ndo manake kuitoa rasmi ni kazi, mtunzi naye ataka chake.

Mbona zingine ni safi kabisa lakini hazina raha? (Yuleyule wa Casuarina)

Hizo zimechotwa kwenye mixa, ile mashine inayokusanya sauti za maiki za jukwaani, unapata kila alichoimba lakini ukumbi kama hauna mtu. Ya maiki iliyokaa katikati ya watu ina makelele ila ndo inakupeleka pale. Nina kaseti ya taarab nimerithi kwa mjomba, harusi ya Langoni kule Lamu, udi umeanza tu punda akalia, mwimbaji akangoja, punda akamaliza, watu wakacheka, ndo akashika wimbo. Studio gani itakupa hiyo?

Kwa hivyo Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, naye alikuwa mtu wa kava? (Shella, Malindi)

Nusu, dadangu, na usiniletee ugomvi na wazee wa hapa, huyo ni mtoto wa Malindi! Tuni alichota sana kwenye filamu za Kihindi, lakini maneno ni mashairi yetu, mengine ya jamaa yake Ahmad Nassir. Phish wanaazima tuni na maneno, Bhalo aliazima sauti akaivisha Kiswahili, mie naona hiyo ndo ngumu zaidi.

Nina kaseti za marehemu baba, zimekaa Lamu miaka. Nifanyeje? (Mkomani)

Pole bibiye. Kwanza usizitie kwenye redio haraka, hewa ya bahari haina huruma, ukiona ukungu mweupe kwenye utepe mpelekee fundi. Ikiwa safi, futa kichwa cha redio, kile kinachogusa utepe, kwa spiriti na pamba, peleka kaseti mpaka mwisho uirudishe, halafu chomeka waya toka tundu la hedifoni mpaka kwenye kompyuta (usiweke simu mbele ya spika tafadhali) na usevu faili ya WAV sio MP3, MP3 hupunguza sauti. Halafu kaa na mama uandike nani aliimba, harusi ya nani, mwaka gani. Hiyo yangu ya punda imeandikwa Langoni basi, bwana harusi alikuwa nani hakuna anayekumbuka.