Kompyuta ya Marehemu Baba Inaishia Kwenye BASIC

SWALI: Shikamoo, mhariri. Marehemu baba aliniachia kompyuta ya IBM AT aliyokuwa akiandikia methali na misamiati ya Kimwera. Nikiiwasha, feni inazunguka, kumbukumbu inahesabiwa, kisha inalia mara mbili na kuonyesha namba 161 na 163. Nikibonyeza F1, inaishia kwenye maandishi ya BASIC (lugha ya kuandikia programu) na neno «Ok». Fundi ameniambia kuwa diski imekufa, niiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nifanyeje?
Msomaji, Lindi Mjini

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba. Nakuomba usiiuze, kwa kuwa namba hizo hazisemi lolote kuhusu diski. Katika mashine hiyo, hitilafu za diski huanza na 17. Namba 161 inaeleza kuwa betri imekwisha, na 163 kuwa saa na tarehe hazijawekwa. IBM ilipoitoa AT mwaka 1984, iliweka mipangilio yake, ikiwamo aina ya diski, kwenye chipu ya CMOS inayotegemea betri ya volti 6. Betri ikiisha, chipu husahau yote, na mashine isiyojua kama ina diski huishia kwenye BASIC iliyomo ndani ya ROM, yaani kumbukumbu yake ya kudumu. Diski ya baba yako, kwa hiyo, bado haijapimwa na mtu. Sikiliza unapowasha: mvumo unaopanda taratibu kisha ukatulia ni dalili kwamba mota yake inazunguka.

Chomoa waya wa umeme, fungua kasha, utoe betri ya zamani. Badala yake funga kishikio cha betri nne za AA za alkalaini, ambazo kwa pamoja hutoa volti 6, ukihakikisha kwamba chanya na hasi hazikupishana. Kagua pini za plagi yake, kwani hewa ya chumvi ya pwani yetu huzivisha ukijani kama wa senti ya shaba iliyofukiwa. Zisugue kwa pamba yenye spiriti, uache zikauke.

Kazi ngumu ni kuirudishia mipangilio, kwa sababu programu ya SETUP haimo ndani ya mashine bali kwenye flopi (diski laini ya kuingiza na kutoa) ya inchi 5.25 iliyoandikwa Diagnostics. Itafute katika makasha ya marehemu, na kabla ya kuiingiza, tazama kwenye uwazi wake kama ina madoa ya ukungu, maana ukungu huchafua vichwa vya kusomea. SETUP itakuuliza namba ya aina ya diski: diski ya megabaiti 20 iliyokuja na AT za mwanzo ni aina ya 2, lakini soma kwanza lebo ya diski yenyewe, kwani huenda ilibadilishwa. Mtu yeyote asiifomati diski hiyo, yaani kuiandaa upya kwa kufuta yaliyomo, hata akikuahidi kwamba itapona.

Mashine ikiwaka na diski ikasomeka, nakili methali hizo siku hiyo hiyo kwenye flopi mbili tofauti, ndipo uendelee na mengine.