Kifaransa cha kazini: anza na namba

Nilipoanza ukarani kwenye stoo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, niliamini Kifaransa hakinihusu. Wateja wetu wa Kongo wengi wanaongea Kiswahili, tofauti ni lafudhi tu. Kumbe wakifika kwenye hesabu, mara nyingi wanahamia Kifaransa. Mama mmoja wa Lubumbashi alipiga simu kuagiza magunia. Nikasikia "sept, trente", yaani saba, thelathini. Nikaandika 37. Siku ya kupakia akahesabu magunia mara mbili, akanitazama. Alikuwa amesema "septante". Sabini! Makuli walikuwa wameshanawa miguu, ikabidi warudi stoo, nami nikabeba pamoja nao mpaka giza likaingia.

Kwenye masomo ya simuni nilikuwa nimejifunza sabini kuwa "soixante-dix", sitini na kumi, wanavyosema Ufaransa. Lakini Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Wabelgiji, ndiyo maana huko utasikia "septante" kwa sabini na "nonante" kwa tisini. Themanini inabaki "quatre-vingts", ishirini mara nne. Kwa hiyo jua kwanza wateja wako wanatoka wapi, ndipo utafute somo.

Sentensi ya pili baada ya namba iwe hii: "Vous pouvez répéter, s'il vous plaît?" Unamwomba mtu arudie. Kwenye daftari langu imeandikwa "vu puve repete, sil vu ple", na ninakushauri uandike hivyohivyo, kama sikio linavyosikia. Kifaransa kina herufi nyingi zisizotamkwa, na sisi tumezoea kusoma kila herufi. Akisharudia, andika tarakimu umwoneshe. Kama ni simu, mtumie ujumbe athibitishe kabla gunia halijaguswa.

Usiruke salamu. "Bonjour, madame" kwanza, bei baadaye, na jioni "bonsoir". Mteja mwite "vous", yaani "wewe" ya heshima, hata kama ni rika lako, mpaka mwenyewe aanze kukuita "tu", "wewe" ya waliozoeana. Hapa ndipo tunapokosea sana, maana "wewe" yetu inamfaa kila mtu, heshima tunaiweka kwenye shikamoo. Kwa Kifaransa heshima imo ndani ya hiyo "vous".

Nilihangaika pia kutafuta "pole na kazi". Neno kwa neno haipo. Iliyo karibu ni "bon courage", ya kumtia moyo mtu aliye na kazi mbele yake. Mwambie dereva anayewasha lori kuelekea mpakani uone atakavyochangamka.

Siku hizi asubuhi, kabla mzani haujaanza kazi, mimi na dada anayeandika risiti tunahesabu magunia kwa sauti, yeye moja, mimi linalofuata, hadi "cent", mia. Anayekwama kwenye "nonante" anaturudisha kwenye "un", moja.