Pesimeka isiyo na betri inapata wapi umeme?

SWALI: Mtoto wa dada yangu, miezi minane, amefanyiwa upasuaji wa moyo hospitali ya Mulago, Kampala. Kifuani zimetokeza nyaya mbili, zimeunganishwa na kimashine kando ya kitanda. Nasikia kuna pesimeka (kifaa cha kuusaidia moyo upige sawasawa) ndogo kuliko punje ya mchele, haina betri, tena inayeyuka yenyewe. Umeme inautoa wapi? Na babu yetu, ambaye moyo wake unapiga polepole, anaweza kuwekewa? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Pole kwa kuuguza. Chukua limau, choma msumari wa mabati upande mmoja na waya wa shaba upande wa pili, kisha pima kwa mita: utapata karibu volti moja. Metali mbili tofauti zikiwa ndani ya asidi au maji ya chumvi, umeme hutembea. Pesimeka hiyo, iliyotangazwa Aprili 2025 na kundi la John Rogers wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ina metali mbili. Limau lake ni majimaji ya mwili. Ina upana wa milimita 1.8 na urefu wa 3.5, kwa hiyo inapita kwenye sindano.

Mimi fundi wa vifaa tiba nimependa zaidi swichi yake. Ile waliyoitoa 2021 ilihitaji antena, na antena inakula nafasi. Safari hii kibandiko juu ya ngozi kinasikiliza moyo. Ukichelewa, kinamulika miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, inayopenya nyama na kuifungulia pesimeka umeme. Washa tochi ya simu nyuma ya kidole gizani, uone wekundu unavyopita.

Nyaya za mtoto, zinazopeleka umeme kutoka kwenye kile kimashine hadi kwenye moyo, ni za siku chache tu. Kazi ni kuzitoa, maana kovu huweza kuzishika. Neil Armstrong, yule wa mwezini, alivuja damu nyaya kama hizo zilipotolewa, akafariki, mwaka 2012. Usiogope lakini, kwa wengi huteleza zikatoka. Hiyo mpya imejaribiwa kwa wanyama na kwenye mioyo iliyotolewa na marehemu, wodini haijafika.

Babu hapana. Cha kuyeyuka hakimfai mtu anayehitaji msaada wa miaka. Mpelekeni Taasisi ya Moyo ya Uganda, hapo Mulago, apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Wakiona inafaa, atawekewa ya betri.

Na dada amvishe mtoto soksi mikononi, asizivute nyaya. Vidole vya miezi minane havimuogopi daktari.