Unyanjano unavuka mpaka: anzeni na machipukizi

Ndugu yangu wa Kyerwa, mkoani Kagera, umeuliza kwa nini unyanjano, yaani mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, unarudi kila ukisafisha shamba, na kama majirani wa Uganda wanahusika. Wanahusika, kama nanyi mnavyowahusu wao. Uganda iliripoti mnyauko huu mwaka 2001, Kagera ikafuatia 2006.

Kinachovusha bakteria zaidi ni machipukizi. Chipukizi huonekana zima kabisa huku limebeba ugonjwa, kwa hiyo kulikagua kwa macho hakutoshi. Msipokee mbegu ya kuvuka mpaka bila cheti cha afya ya mimea, hata ikitoka kwa shemeji. Majani ya kufungia mikungu nayo yabaki huko huko.

Shambani, vunja ua dume (lile la ncha ya mkungu) kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokeza. Usitumie panga: panga lililokata mgomba mgonjwa huambukiza unaofuata. Panga la kazi nyingine lichome motoni hadi lisishikike, au litumbukize kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 5. Mgomba ulioonyesha dalili ukate usawa wa ardhi, haribu kiini chake ili kisichipue tena, kisha rudi kukagua kila wiki.

Sasa ujirani. Mwombe afisa ugani awasiliane na mwenzake wa ng'ambo, mpange wiki moja ya kukata migomba migonjwa na kuvunja maua dume pande zote mbili. Ninyi mkifanya Juni na wao Septemba, nyuki na wadudu wengine watarudisha ugonjwa kupitia maua dume yaliyoachwa. Na toeni taarifa mapema: chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, nchi hupashana habari za milipuko, lakini habari hiyo huanzia shambani kwako.